UWINDAJI WA KANGA BABATI: UTEUZI WA RISASI ZA MARISAU NA MASAFA YAFAAYO

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo uanzishwe mwaka 2002, umezungukwa na mashamba ya mahindi na mbaazi, na kandokando yake kanga hushuka kwa makundi asubuhi na jioni. Wamarekani humwinda bata mzinga wa mwitu. Ndege wetu anayemkaribia kwa tabia ni huyu kanga, ashindaye ardhini mchana na kulala mitini usiku. Watumishi na wakaazi wa Visiwani wanaofanya kazi Bara wanakumbushwa kwamba kumwinda kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kwamba katika Hifadhi za Taifa za Tarangire na Ziwa Manyara uwindaji hauruhusiwi. Silaha nayo humilikiwa kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Kabla ya yote isomwe chapa iliyo kwenye mtutu. Bunduki ya geji 12 iliyotengenezwa kwa ganda la milimita 70 isitiwe ganda la milimita 76, hata likionekana kuingia vyema, kwani ganda hukunjuka linapolipuka, likaziba njia na kuzidisha shindo la baruti. Risasi ya geji 20 ni hatari zaidi: huteleza ndani ya mtutu wa geji 12 na kukwama mbele, na anayedhani bunduki ni tupu akitia nyingine nyuma yake, mtutu hupasuka mkononi mwake.

Marisau nayo hupimwa kwa namba, lakini namba hizo hazifanani duniani. Namba 5 ya Uingereza ina milimita 2.8, sawasawa na namba 6 ya Marekani. Mnunuzi mwenye busara huuliza milimita. Kwa kanga, kipimo hicho cha 2.8 kinafaa sana. Risasi yenye gramu 32 hubeba takribani marisau 250. Yaliyo madogo zaidi huishiwa nguvu mapema, na yaliyo makubwa huwa machache, yakaacha mianya ambamo ndege hupita akiwa amejeruhiwa tu.

Masafa hayajulikani kwa maneno ya muuzaji. Mwindaji na atundike karatasi pana, apime mita 35 kwa kamba, apige mara moja, kisha achore duara lenye upana wa sentimita 75 mahali marisau yalipokusanyika zaidi, na ahesabu matundu. Yakipungua 120, asogee mita 5 na kurudia kwa karatasi mpya. Umbali atakaopata hesabu hiyo ndio mpaka wake kwa bunduki ile na risasi ile. Mitutu miwili ya kiwanda kimoja yaweza kutofautiana. Kwa wengi mpaka huo hauvuki mita 35 au 40. Kupiga katikati ya kundi ni tabia mbaya, maana anayeanguka ni mmoja na wanaokwenda kufia vichakani ni kadhaa.

Ieleweke pia kwamba marisau yasiyoweza tena kumwua kanga bado yaweza kumpofua mtu. Yale ya milimita 2.8 hufika hadi mita 220 hivi, na mbaazi zilizokomaa humficha mpaliliaji. Asiyeona kilichopo nyuma ya ndege asipige.

Karibu na Ziwa Babati lipo jambo jingine. Marisau ya madini ya risasi yakizama matopeni humezwa na bata wa majini kwa kudhaniwa changarawe, nayo huwadhuru kwa sumu. Umoja wa Ulaya uliyapiga marufuku katika maeneo oevu kuanzia Februari 2023. Ya chuma hayana sumu hiyo, ila ni mepesi: huchaguliwa makubwa kwa namba mbili, masafa hupunguzwa, na hayafai kwa mitutu ya zamani yenye kuta nyembamba.