KISASI AU MAHAKAMA?

Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, mabomu mawili yalilipuka karibu wakati mmoja. Moja lililipuka penye ubalozi wa Marekani Nairobi, la pili penye ubalozi wao Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200. Dar es Salaam walikufa 11, na kati yao hakuwamo Mmarekani hata mmoja. Walikuwamo walinzi waliokuwa kazini.

Aliyefiwa namna hiyo moyo wake husema: na wao wafe! Sisi hatumlaumu.

Serikali ya Marekani haikungoja. Baada ya siku 13 ilirusha makombora Afghanistan na Sudan. Huko Khartoum, mji mkuu wa Sudan, yalibomoa kiwanda cha Al-Shifa. Walidai kinahusika na sumu ya vita. Kumbe kilikuwa kikitengeneza dawa za watu na za mifugo! Ushahidi wa ile sumu ulitiliwa mashaka hata huko Marekani kwenyewe. Mlinzi wa usiku alikufa. Naye kosa lake lilikuwa nini? Ninyi wenye ng'ombe mnajua maana ya kukosa dawa.

Njia ya pili ilikwenda polepole. Watuhumiwa walitafutwa mmoja mmoja. Mtanzania mmoja alikamatwa Cape Town mwaka 1999. Mwaka 2001 watu wanne walishtakiwa mahakamani New York. Mashahidi walisikilizwa, na washtakiwa walikuwa na mawakili wa kuwatetea. Wote wanne walionekana wana hatia, wakafungwa maisha. Serikali ilitaka wawili wauawe. Wananchi 12 waliokaa kuamua kesi hiyo hawakukubaliana. Juu ya mmoja wa wale wa bomu la Nairobi, wengi wao waliona kwamba akiuawa wenzake watamfanya shujaa.

Lakini tusidanganyane, mahakama nayo ina upungufu wake. Sudan, iliyodaiwa kuwapa hifadhi wenye mabomu, ilikubali kulipa fidia ya dola milioni 335 mwaka 2020. Hiyo ni miaka 22 baadaye. Mjane atakula nini miaka yote hiyo?

Hata vijijini mwetu, ukipigwa ukelele wa "Mwizi!", watu hutoka na marungu kabla ya kuuliza. Jadilianeni kikundini: kijana akikamatwa hivyo usiku, nani amlinde mpaka asubuhi? Na aliyeibiwa, nani amsaidie wakati kesi inaendelea?