Maiti Chumbani

Wanafunzi wa kidato cha tatu waliniuliza mchezo wa kibwege ni mchezo gani. Nawajibu kwa mmoja, Amédée, alioutunga Eugène Ionesco kwa Kifaransa, ukachezwa mara ya kwanza mjini Paris mwaka 1954.

Amédée na mkewe Madeleine wamejifungia nyumbani miaka 15. Chumbani mna maiti, naye anakua! Miguu yake yasukuma mlango hata yatokeza ukumbini. Uyoga waota ndani ya nyumba (si ule tuuchumao hapa Mbinga wakati wa mvua). Nao wawili, badala ya kupiga mayowe, wagombana kama watu wagombeao chumvi. Huo ndio ubwege: jambo lisilowezekana laingia nyumbani, nalo lafanywa kazi ya kila siku.

Nilipowasomea darasani walicheka sana. Lakini mume hana hakika maiti ni nani. Labda ni mpenzi wa mkewe, ambaye yeye alimwua. Labda ni mwanamke aliyetumbukia majini siku moja yeye akivua samaki; akaomba msaada, naye asimwendee. Hapo vijana wa Liuli na Mbamba Bay wakanyamaza. Mmoja akauliza, "Mwalimu, alikuwa hajui kuogelea?"

Nikamjibu, "Hakujua. Lakini asema pia kwamba samaki walikuwa wakishika ndoana."

Muhula ujao tutaigiza sehemu ya kwanza. Miguu ya maiti tutaishona kwa magunia ya kahawa. Mzazi aliye na magunia makuukuu tafadhali atuletee.