Dondoo Muhimu: Bunduki Kongwe ya Mitutu Miwili
Aliyerithi bunduki ya mitutu miwili kwa babu yake wa Ujiji, kabla hajatia risasi wala nafsi haijamshawishi kufuata kanga na kwale, na aitazame mitutu yake juani. Akiona michirizi mithili ya mawimbi, afahamu kuwa hicho ni chuma cha kusokotwa, kilichoundwa zama za baruti nyeusi, na kwamba risasi za siku hizi, zenye baruti isiyo na moshi, zaweza kukipasua na kumkata mkono. Hili nalisisitiza kuliko yote.

Hata kwenye mitutu ya chuma kizima, tundu la kuwekea risasi huenda likawa la urefu wa milimita 65, ambamo risasi ya 70 huingia bila kizuizi, kisha hufumuka na kuzidisha shinikizo; basi fundi hodari alipime kwanza.

Unyevu wa kando ya ziwa huleta kutu: bunduki ipanguse kwa mafuta mepesi, wala usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi.

Umiliki wahitaji leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na uwindaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Gombe na Mahale, hifadhi za taifa, hakuwindwi kabisa.