Injini Kubwa Katika Pikapu: Je, Breki Nazo Zimekua?

Apitaye kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, jirani na soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, huona injini zilizotumika zikingoja wanunuzi. Mwenye pikapu inayoshindwa kupanda mlima na mzigo wake hufika hapo kutafuta injini kubwa zaidi. Fundi hodari ataifunga, na gari litakwenda. Hata hivyo, yatupasa kuuliza: ni gari zima lililobadilika, au ni injini peke yake?

1. Ukubwa wa injini

Ukubwa wa injini ni jumla ya ujazo ambao pistoni hupita ndani ya silinda zote. Chukua injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 2L, iliyofungwa katika pikapu nyingi za Hilux. Ina silinda 4. Kipenyo cha kila moja ni sentimita 9.2, na pistoni husafiri sentimita 9.2. Kwa hiyo:

π × 4.6² × 9.2 × 4 = sentimita za ujazo 2,446 hivi.

Katika injini ya 3L, ya ukoo huohuo, vipimo vyote viwili ni sentimita 9.6. Ujazo wake ni 2,779 hivi, yaani ongezeko la karibu asilimia 14. Hewa nyingi zaidi huingia, dizeli nyingi zaidi huweza kuungua, na nguvu huongezeka.

2. Joto na msokoto

Sehemu kubwa ya nishati ya dizeli haiyafikii magurudumu, bali hugeuka joto. Rejeta iliyotosha injini ndogo yaweza kushindwa kuipoza injini kubwa, hasa katika joto la Dar es Salaam. Vivyo hivyo, klachi, giaboksi na difu hubeba msokoto mkubwa kuliko ule uliokusudiwa na watengenezaji.

3. Breki

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Nishati ya mwendo hupatikana kwa kanuni ½mv², ambapo m ni tungamo na v ni kasi. Tuseme pikapu na mzigo wake ni kilogramu 2,000. Zamani ilikwenda mita 15 kwa sekunde (kilomita 54 kwa saa). Sasa, kwa injini mpya, inakwenda mita 20 kwa sekunde (kilomita 72 kwa saa). Nishati yake imepanda kutoka jouli 225,000 hadi 400,000. Kasi imeongezeka kwa theluthi moja tu, lakini nishati imekaribia kuwa maradufu.

Breki ni zilezile. Zikitoa kani ya nyutoni 10,000, gari litasimama baada ya mita 22.5 katika hali ya kwanza, na mita 40 katika hali ya pili. Mtoto anayevuka barabara mita 30 mbele ya gari angenusurika katika hali ya kwanza. Katika ya pili angegongwa.

Kwa hiyo, abadilishaye injini sharti akague pia rejeta, klachi na breki. Aidha, kadi ya gari huonyesha namba na ukubwa wa injini. Mabadiliko hayo yaarifiwe Mamlaka ya Mapato Tanzania.

Mazoezi

1. Injini ya 5L ina silinda 4 zenye kipenyo cha sentimita 9.95, na pistoni husafiri sentimita 9.6. Tafuta ukubwa wake.

2. Pikapu iliyotajwa juu imeongezewa mzigo hadi kilogramu 3,000. Kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde na breki zilezile, itasimama baada ya mita ngapi?

Majibu: (1) sentimita za ujazo 2,986 hivi, (2) mita 60.