Jinsi ya Kuchunguza Vichwa vya Dizeli vya Zamani kwa Ajili ya Modeli: Mfano wa Ayalandi

Modeli ni umbo dogo linalofuata umbo la kitu halisi kwa uwiano maalumu. Watu wengi hudhani kuwa kutengeneza modeli ni kazi ya mikono tu, yaani kukata, kubandika na kupaka rangi. Kwa hakika sehemu kubwa ya kazi hiyo ni utafiti. Kabla ya kushika msumeno, mtengenezaji hana budi kujibu swali moja: kitu hiki kilikuwaje hasa, na katika mwaka gani?

Katika makala haya tutaonyesha namna ya kulijibu swali hilo kwa kutumia mfano wa vichwa vya treni vya dizeli vilivyotumika kupangia mabehewa nchini Ayalandi. Vingi kati ya vichwa hivyo vilikwisha kukatwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Ushahidi uliobaki umetawanyika, na ndiyo maana mfano huu unafaa kwa somo letu.

VICHWA VYENYEWE

Kichwa cha kupangia mabehewa hakihitaji mwendo wa kasi. Kazi yake ni kuvuta na kusukuma mizigo mizito polepole, kusimama na kuondoka tena mara nyingi kwa siku. Injini ya dizeli haiwezi kuanza kuzunguka huku ikivuta mzigo mzito. Kwa hiyo lazima pawe na mfumo wa kupeleka nguvu kati ya injini na magurudumu. Mifumo miwili ilitumika sana. Katika ule wa umeme, injini huzungusha jenereta, na jenereta hupeleka umeme kwenye mota zinazoendesha magurudumu. Katika ule wa haidroliki, nguvu hupitishwa kwa mafuta yanayosukumwa kwa kasi ndani ya chombo kilichofungwa.

Shirika la uchukuzi la Córas Iompair Éireann (CIÉ), lililoanzishwa mwaka 1945, lilitumia mifumo yote miwili. Katika karakana yake ya Inchicore, Dublin, viliundwa vichwa 5 vya mfumo wa umeme mwaka 1947 na 1948, vyenye injini za Mirrlees na mitambo ya umeme ya Brush. Mwanzoni vilipewa namba 1000 hadi 1004. Baadaye vikaitwa D301 hadi D305. Mwaka 1957 na 1958 karakana hiyo hiyo iliunda vichwa 19 vya haidroliki, E401 hadi E419, na mwaka 1962 na 1963 ikaongeza 14, E421 hadi E434. Makundi haya mawili ya E yalitumia injini za Maybach kutoka Ujerumani.

USHAHIDI NA UDHAIFU WAKE

Mtafiti hukutana na aina nne za ushahidi. Kila aina ina jambo inalolieleza vizuri, na kila aina ina namna yake ya kupotosha.

1. Michoro ya karakana. Hii hutoa vipimo vya sehemu zilizofichika. Hata hivyo, mchoro huonyesha kile mhandisi alichokusudia. Mafundi wangeweza kubadili jambo wakati wa kuunda au wa matengenezo.

2. Picha. Picha huonyesha kile kilichokuwapo kweli, lakini kwa siku moja na kwa upande mmoja tu. Picha isiyo na tarehe hupungukiwa thamani, ingawa namba ya kichwa yaweza kusaidia. Picha yenye namba 1002 ni ya kabla kichwa hicho hakijapewa namba ya D.

3. Kichwa kilichohifadhiwa. E421 na E432, kwa mfano, vimehifadhiwa Downpatrick, Ayalandi ya Kaskazini. Hapa mtu aweza kupima kwa utepe. Lakini kifaa kilichohifadhiwa huonyesha hali yake ya mwisho pamoja na matengenezo ya waliokihifadhi, wala si lazima hali yake ya mwaka 1963.

4. Kumbukumbu za watu. Madereva na mafundi wastaafu hueleza vizuri jinsi kazi ilivyofanyika. Kwa kawaida tarehe ndizo huwaponyoka.

Kanuni ni hii: jambo lisikubaliwe kwa ushahidi wa aina moja ikiwa aina ya pili inapatikana. Mchoro na picha vikipingana, picha ndiyo ifuatwe kwa kichwa kile na kwa wakati ule. Kwa sababu hiyo mtengenezaji huchagua kichwa kimoja na mwaka mmoja. Anayechanganya mlango wa mwaka 1958 na taa za mwaka 1975 huunda kitu ambacho hakijapata kuwapo. Msaada mkubwa hupatikana katika maktaba na makavazi ya Irish Railway Record Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1946.

KUPIMA KWA KUTUMIA PICHA

Pale ambapo mchoro haupo, kipimo kimoja kinachojulikana chatosha kufungua vingine. Nchini Ayalandi upana wa reli, yaani umbali kati ya nyuso za ndani za reli mbili, ni futi 5 na inchi 3, au mm 1,600. Nchini Uingereza ni mm 1,435.

Tuchukulie kuwa katika picha iliyopigwa kutoka mbele, upana wa reli ni mm 32. Kwa hiyo mm 1 ya picha ni sawa na mm 50 za kitu halisi. Ikiwa boriti inayobeba bafa ina upana wa mm 50 katika picha, upana wake halisi ni mm 2,500. Kwa skeli ya 1:76.2, boriti hiyo itakuwa na upana wa mm 32.8 katika modeli.

Hapa pana hadhari mbili. Kwanza, kitu kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa kuliko kilicho mbali. Kwa hiyo reli ipimwe mahali palipo chini ya boriti hasa. Pili, rula ikikosea nusu milimita juu ya picha, kosa huwa mm 25 za kitu halisi, yaani mm 0.33 katika modeli. Heri kupima picha kadhaa na kutafuta wastani.

Upana huo huo wa reli huwatega wengi. Kwa skeli ya 1:76.2, reli ya Ayalandi inapaswa kuwa na upana wa mm 21. Reli nyingi za modeli za skeli hiyo zinazouzwa madukani zina mm 16.5, ambazo ni sawa na mm 1,257 tu za kweli. Anayetumia fremu ya dukani atapata kichwa chenye miguu iliyobanwa. Anaweza kuamua hivyo, ila ajue alichokiacha.

RANGI

Picha isiyo ya rangi isitumiwe peke yake kuamua rangi. Fedha na kijivu hafifu hufanana, na baadhi ya filamu za zamani hazikuhisi mwanga mwekundu, hivyo zilionyesha nyekundu kama nyeusi. Picha za rangi nazo hufifia. Tafuta maelezo yaliyoandikwa wakati ule, au tabaka za rangi ya zamani chini ya rangi mpya.

KWA NINI UANGALIFU HUU

Vichwa vile 5 vya mwaka 1947 na 1948 havikuhifadhiwa. Mtu atakayezaliwa leo hataweza kukizunguka hata kimoja. Atakachoweza kukizunguka ni modeli. Ikiwa modeli ina kosa, mtengenezaji wa pili atalinakili, na wa tatu atamwamini wa pili. Kwa hiyo kila modeli iambatane na daftari ambamo kila kipimo kimewekwa alama: kilichopimwa, kilichokadiriwa kutoka kwenye picha, au kilichokisiwa. Daftari hilo lina thamani sawa na modeli yenyewe, maana humwezesha mwingine kusahihisha bila kuanza upya.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa skeli ya mm 7 kwa kila futi 1, reli ya Ayalandi itakuwa na upana gani?
2. Umepata picha ya kichwa chenye namba 1003. Unaweza kusema nini kuhusu tarehe yake?
3. Kwa nini picha iliyopigwa kutoka pembeni kwa mshazari haifai kupimwa kwa rula moja kwa moja?

Majibu: (1) mm 36.75. (2) Haitangulii mwaka 1947, na ni ya kabla namba za D hazijatolewa. (3) Kwa sababu uwiano hubadilika kadiri sehemu za kichwa zinavyokwenda mbali na kamera.