Waya Uliochubuka

Tuseme gari la ndizi limetoka Tukuyu alfajiri kwenda Mbeya. Karibu na Kiwira, likipanda tuta, mtambo wazimika ghafula. Dereva atazama, aona fyuzi imeungua. Atia nyingine, gari laenda vizuri mwendo mrefu, kisha lasimama tena. Utingo asema, "Kaka, tutie waya mnene mahali pa fyuzi, tusichelewe sokoni." Je, ni shauri jema? Kabla ya kujibu, yatupasa kuijua njia ya umeme.

Katika magari mengi umeme hutoka kwenye betri ya volti 12. Hupita katika waya, hufanya kazi yake, kisha hurudi betrini kwa njia ya chuma cha gari lenyewe. Kwa hiyo waya huvikwa ganda la plastiki, usiguse chuma. Lakini mtambo hutikisika. Waya usiofungwa imara husuguana na chuma hata ganda likachubuka. Waya mtupu ukigusa chuma, umeme hupata njia ya mkato, hupita kwa wingi mno, na waya waweza kushika moto. Hiyo ndiyo shoti. Fyuzi ni mlinzi: uzi wake mwembamba huyeyuka kwanza, na umeme hukoma.

Shoti ijayo na kwenda ni ngumu kuipata, kwa maana fundi afikapo, waya umekwisha achana na chuma. Basi fundi mwenye akili huuliza kwanza: Lilizimika wapi? Kwenye tuta? Katika mvua? Mtambo ulipopata moto? Kisha huondoa fyuzi, hutenga vyombo vyote vya njia ile, na mahali pa fyuzi huunga taa ndogo ya volti 12, ambayo huuzuia umeme usipite kwa wingi. Hutikisa waya polepole, sehemu moja baada ya nyingine. Taa iwakapo ghafula, ubovu u karibu na mkono wake. Huzungushia jeraha utepe usiopitisha umeme, huufunga waya mbali na chuma, na kutia fyuzi ya kadiri ile ile.

Basi shauri la utingo lilikuwa baya. Angemfukuza mlinzi na kumwacha adui ndani, hata gari likaungua pamoja na watu wake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua.

MASWALI
1. Umeme hurudi betrini kwa njia gani?
2. Kwa nini fundi huuliza kabla ya kugusa waya?
3. Ungemjibu nini utingo?