Dawa za Sonona na Mwezi wa Ramadhani

Ndugu zetu Waislamu wa Kisumu, yako maradhi yaitwayo sonona: huzuni isiyoondoka, usingizi kupotea, na mtu kukata tamaa. Wako wasemao ni uhaba wa imani, au ni jini. Hayo si kweli. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, na akili nayo huugua kama mwili.

Tabibu huweza kuandika fluoksetini au amitriptilini. Nafuu yake haiji kwa siku moja. Huchukua wiki mbili hata sita, na taabu hutangulia. Fluoksetini huleta kichefuchefu na kupunguza hamu ya ndoa. Amitriptilini hukausha mdomo na kulevya kwa usingizi. Aliye chini ya miaka 25 na aangaliwe sana wiki za mwanzo, kwani fikra za kujiua huweza kuzidi. Na amitriptilini ikipita kipimo huvuruga mapigo ya moyo na kuua; ifichwe mbali na watoto.

Khatari kubwa ni kuziacha ghafula kwa sababu ya saumu, au mtu ajionapo mzima. Huja kizunguzungu na wahaka, na sonona hurejea. Basi tabibu aulizwe tangu Shaabani: fluoksetini aghalabu yaweza kunywewa daku, na amitriptilini usiku. Akimkataza kufunga, ruhusa ya mgonjwa imo katika Sura ya Baqara. Hata akipona, dawa huendelea miezi 6 au zaidi, kisha tabibu huipunguza kidogo kidogo. Asiyejua pa kuuliza, na aende hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wenyeji waiitayo Russia.